Mahali pa Kusimama

Upepo wa kusi hauishii baharini. Kwetu Unguja tumeuzoea kuwa upepo wa majahazi, ule uliowarudisha manahodha Arabuni baada ya kaskazi kuwaleta, na tukiufikisha Maskati tunauacha hapohapo, kana kwamba kazi yake imekwisha pamoja na kushushwa shehena. Kumbe ukipanda nchi kavu kwenye pwani ya mashariki ya Oman unaendelea. Tanga la kujaza halipo, basi unasukuma mchanga. Umeusukuma kwa maelfu ya miaka hadi ukajenga migongo mirefu iliyolala sambamba kutoka kusini kwenda kaskazini, mingine ikikaribia mita 100 kwenda juu, na kati ya mgongo na mgongo ukaacha mabonde. Nchi hiyo ina urefu wa kilomita 180 hivi na upana wa 80. Wazee wanaiita Ramlat al-Wahiba, kwa jina la kabila lenye malisho humo. Ramani za siku hizi zinaandika Mchanga wa Sharqiya.

Humo ndimo ami alimonikalisha kwenye usukani.

Ami ni mdogo wake baba. Aliondoka Unguja angali kijana, akafika Oman mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi. Anakaa Ibra, lango la Sharqiya, na barazani kwake Kiswahili hakijawahi kulala. Hapo si ajabu. Watu wa mkoa ule walihamia Zanzibar na bara kwa wingi karne ya 19, na wapo wazee wa Ibra wanaozijua njia za Pemba kuliko mimi. Kazi yake ya maisha ilikuwa serikalini, ya makaratasi, lakini tangu astaafu mchanga umekuwa ndiyo ofisi yake. Ana Land Cruiser ya zamani, si ya anasa, ndugu yake yule tunayemwita mkonga kwetu Tanzania. Mwanawe ana Nissan Patrol jipya lenye kiti cha kupoza mgongo. Tulikwenda na yote mawili, kwa sababu ami haingii mchangani na gari moja. Hiyo kwake si ushauri. Mtu akimpigia simu kumwambia yuko peke yake jangwani anaanza kwa kumgombeza, kisha ndiyo anauliza yuko wapi.

Madereva wa huko wanapanga njia kwa madaraja. Nyepesi ni ile inayotoka al-Mintirib, wilaya ya Bidiyah, ikashika bonde moja kuelekea kusini. Imekanyagwa na magari ya kambi za watalii mpaka imekuwa na mawimbi, na mtu akiwa mwangalifu hahitaji hata kuomba dua. Nzito ni ya kukata migongo moja kwa moja, upande hadi upande, kazi ya watu wenye magari yaliyobadilishwa springi na wenye muda wa kuchimba. Ya kati, ambayo ami aliichagua kwa ajili yangu, inafuata bonde kwa muda, kisha inatafuta mahali mgongo ulipoinama, inavuka pale, inashuka bonde la pili, na kuendelea hivyo hadi kufika baharini. Nilipomwambia kwamba nimeendesha Tanga hadi Arusha na kurudi, na barabara za Pemba za mvua nazijua, alisema "vizuri, mwanangu", kwa sauti ya mtu anayepokea salamu.

Njia ya kati ina hila yake. Kwenye njia nzito kila mtu anaogopa, na woga unamfanya ashuke garini kutazama. Kwenye ya kati unavuka mgongo wa kwanza, unavuka wa pili, gari linaitikia, mchanga unakubeba, na bila ya kuambiwa na mtu unaanza kujiona fundi. Ami aliniambia kwamba magari mengi aliyowahi kwenda kuyavuta aliyakuta kwenye njia za kati.

Tulianza kwa kutoa upepo. Pembeni mwa barabara ya Bidiyah alipiga magoti mbele ya kila tairi, akabonyeza sindano ya vali kwa ncha ya ufunguo, na ule mvumo mwembamba ukaendelea muda mrefu kuliko nilivyotarajia, huku akitazama geji kila mara. Ilianza psi 35, tukaiteremsha hadi 15. Shavu la tairi likatoka nje, gari likashuka kidogo, likawa kama limekaa. Nilidhani tairi linapolegea linapanuka kwa ubavu, na kweli linapanuka, ila kidogo. Kinachozidi hasa ni urefu wa unyayo wake: sehemu inayogusa chini inarefuka mbele na nyuma, uzito unasambaa, na gurudumu linapita juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kukata kona kwa ghafla, maana tairi laini linaweza kuchomoka kwenye rimu, na kulirudisha katikati ya mchanga ni adhabu ya asubuhi nzima.

Somo la pili lilinichukua muda zaidi, nalo ni la kusimama.

Mtu wa barabara za lami akitaka kusimama anakanyaga breki. Mchangani, ukikanyaga breki, magurudumu ya mbele yanasukuma mchanga na kujijengea kijituta mbele yake. Ukitaka kuondoka, unaanza safari kwa kupanda kituta ulichokijenga mwenyewe. Kwa hiyo unaondoa mguu tu kwenye mafuta, na mchanga wenyewe unakushika. Hilo nililielewa mara moja. Lililonishinda ni kuchagua mahali. Nilikuwa naona jambo, ngamia watatu wamesimama na vivuli vyao, nasema, "Ami, tusimame hapa." Anajibu, "Hapa hapana." Tunakwenda mbele, ngamia wanabaki nyuma, tunafika kwenye mteremko usio na lolote la kutazama, anasema, "Haya, simama." Pua ya gari inatazama chini, magurudumu yote yako sawa, mchanga una rangi ya ugumu, mbele kuna nafasi ya kuchukua mwendo. Tunashuka, tunatembea kwa miguu kurudi kwa ngamia.

"Usisimame mahali ambapo hujui utaondokaje," alisema. Siku ile alilisema mara nyingi, wakati mwingine kwa Kiarabu akimwambia mwanawe kwenye redio, na mara zote kwa sauti ileile ya kuchoka.

Kuondoka pia kunaanza kabla ya kuondoka. Kila tulipofika mahali pa kuvuka, ami alishuka akavua ndala na kupanda kwa miguu. Upande upepo unakotokea mchanga umepigwa ukakazana, mwinuko wake ni wa pole, na kisigino kinazama kidogo tu. Upande wa pili mchanga umeanguka wenyewe, umelala kwa mwinamo wa digrii 33 hivi, ambao ndio mwisho wa mchanga mkavu. Ukizidi hapo unateleza. Huko mguu unazama hadi kwenye kifundo. Kutoka kwenye usukani pande hizo mbili hazitofautiani, ni rangi moja ya biskuti. Basi mzee wa miaka yake alikuwa anapanda, anasimama juu, anatazama ng'ambo, anarudi polepole na kunipa maagizo: gia ya pili, mwendo uuchukue chini, usiongeze katikati, ukifika juu ondoa mguu, nyoosha usukani, shuka wima. Usishuke kwa ubavu, hata ukiona ndiyo njia fupi. Gari linalokwenda ubavu kwenye mteremko ule linajiviringisha. Na ukiona hutafika juu, usibishane nalo: simama kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka bure, rudi nyuma kwenye alama zako zilezile, uanze upya. Nilirudi nyuma mara kadhaa, na kila mara nilimsikia ami akisema "safi" kwa furaha ambayo hakuionyesha nilipovuka.

Saa za mchana hatukuendesha. Jua likiwa utosini vivuli vinapotea, na kila shimo linaonekana tambarare. Mwanga wenyewe unakuwa hatari kuliko mchanga. Tulikaa chini ya mghaf, mti wa jangwa wenye majani madogo na mizizi inayokwenda chini sana kutafuta maji. Upande wa mashariki wa mchanga ule kuna msitu mzima wa mighaf, unaosaidiwa na umande na ukungu unaotoka baharini usiku. Royal Geographical Society ya Uingereza ilipeleka watafiti humo katikati ya miaka ya 1980, nao wakaorodhesha aina 150 hivi za mimea ya asili. Ukipita kwa mwendo wa gari huoni hata kumi. Nilipolala chali chini ya ule mti niliona mende mweusi wa jangwani akipanda mteremko mdogo karibu na sikio langu. Alifika nusu, mchanga ukamporomosha, akaanza upya kwa kukata upande mwingine.

Kuna vijana wanaokwenda pale kwa ajili ya kupanda na kushuka mgongo mmoja siku nzima, injini zinalia, simu zimewekwa kupiga picha. Sitaki kuwasema sana kwa sababu mtoto wa ami ni mmoja wao. Lakini mahali walipocheza hapaoti kitu, na mbuzi wa watu wanakula hapohapo.

Kukwama kulikuja alasiri, na wala si mahali pagumu. Patrol lilikuwa mbele, likapanda mgongo mdogo, likafika juu, na dereva wake akaona bahari kwa mbali, au alidhani ameona, akasimama palepale kileleni ili atuonyeshe. Magurudumu ya mbele yalikuwa upande mmoja, ya nyuma upande mwingine, na katikati gari likalala kwa tumbo. Alipokanyaga mafuta, yote manne yalizunguka hewani kwa heshima zote.

Mtu asiyewahi kuchimba gari anadhani unachimba magurudumu. Unachimba tumbo. Unalala kifudifudi na beleshi fupi, unatoa mchanga chini ya chasisi, na kila ukitoa kiasi kingine kama hicho kinateleza kutoka juu kuja kujaza pengo. Juu ni moto, ukichimba zaidi unakuwa wa baridi, na chini zaidi una unyevu kidogo, unashikana mkononi. Tulifika kwenye unyevu. Tukaweka mbao za plastiki mbele ya magurudumu, akajaribu kwenda mbele, zikaruka nyuma na moja nusura inichukue mguu. Ami alikuwa amekaa pembeni anakunywa kahawa ya thamosi. Hakusema neno, nadhani alikuwa anasubiri mwanawe aulize.

Kabla hajauliza ilitokea pikapu. Ilikuja ubavuni mwa bonde kwa mwendo ambao sisi tusingethubutu, ina tangi la maji nyuma na mbuzi wawili wamesimama juu ya mifuko ya majani, na kwenye usukani mwanamke wa Kibedui, mtu mzima, amevaa barakoa. Alisimama mbali na sisi, chini, pua ya pikapu ikitazama mteremko. Hilo nililiona kabla sijamwona yeye vizuri. Alitembea hadi kwenye Patrol, akalizunguka, akainama, akasema jambo moja kwa Kiarabu. Ami akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Anauliza nani aliyemwambia asimame hapa."

Kisha yule mama alitoa amri. Upepo uteremke tena, hadi 10. Mbao zihamishwe, ziwekwe nyuma. Sisi tulikuwa tumeng'ang'ania kwenda mbele kwa sababu tulikuwa tunakwenda mbele. Yeye alisema gari litoke lilikoingilia, maana njia ile imeshakanyagwa na imekazana. Alichimba mwenyewe upande wa gurudumu la nyuma, kwa mikono, akivuta mchanga kuelekea kwake kwa viganja vilivyowekwa wima, haraka na bila ya kuurusha. Mtoto wa ami akaweka gia ya nyuma, akakanyaga kidogo tu, na Patrol likashuka taratibu kama lililokuwa linasubiri ruhusa. Kamba ya kuvutia haikutoka hata kwenye mfuko wake.

Tulimpa tende akakataa, zake zilikuwa nzuri zaidi. Alikubali vitunguu. Akamuuliza ami anatoka wapi, ami akajibu Ibra. Yule mama akasema hapana, kabla ya Ibra, maana ametusikia tunasema lugha gani. Ami akamwambia Zinjibar. Yule mama akatikisa kichwa, akasema mumewe marehemu alikuwa na jamaa wa huko, wote walikuwa wanapenda kusimama kutazama mambo.

Usiku ule ami aliniuliza habari za nyumba. Najenga Fuoni, kidogo kidogo, kama tunavyojenga wengi wetu: pesa ikija unapandisha, ikiisha unasimama. Nilimwambia kuta zimefika usawa wa madirisha, na pesa iliyobaki ni ya kozi mbili tatu hivi; nimepanga nimalizie hizo, kisha ningoje mwakani.

"Na masika?" aliuliza.

Hakuongeza. Lakini nilikuwa nimeshinda siku nzima nikitafuta mahali pa kusimama, na swali lilinikaa. Kuta zisizofungwa juu kwa lenta zikipigwa na mvua za msimu mmoja hulegea vichwani. Fundi anakuja mwaka unaofuata, anagonga kwa nyundo, anashusha kozi mbili kabla ya kupandisha moja. Mimi na majirani zangu wote tunasimama pale pesa inapoishia, na pesa haijui ujenzi. Ukitembea Fuoni unaziona hizo kuta, nyingine zimeota nyasi juu. Wenye nyumba si wavivu, walijitahidi mno: walichukua kila shilingi wakaipandisha ukutani mpaka ya mwisho, na ya mwisho ikawaacha kileleni. Niliporudi nilisimamisha kazi siku ileile kwa muda mfupi, nikaomba zamu ya mapema kwenye mchezo wetu wa akina mama, nikamlipa fundi mpaka lenta likafungwa, halafu ndiyo nikapumzika mwaka mzima kwa amani. Fundi alilalamika kwamba nimemvunjia mpangilio. Alikuwa na haki.

Kusini, kesho yake, migongo ilishuka kimo na mahali pengine mchanga ukawa jiwe. Ni mchanga wa kale, uliopeperushwa enzi za barafu wakati bahari ilipokuwa chini na sakafu yake ikiwa wazi, umejaa chembe za makombe, na chokaa ya makombe hayo ndiyo iliyoushikanisha. Umechongwa na upepo ukabaki na kingo kali. Tairi lenye upepo wa 15 likipita juu ya ukingo kama ule shavu linachanika, na shavu halizibwi pancha. Tukapita kwa mwendo wa miguu, mtoto wa ami akitangulia chini na kuonyesha kwa mkono, sasa bila ya kuambiwa.

Karibu na pwani, kuelekea Barr al-Hikman, kuna uwanda wa chumvi. Hapo ndipo macho yangu yalipofurahi, maana ulikuwa mweupe, tambarare, mgumu kwa kuutazama, na alama za magari zilikuwa zinaukata moja kwa moja kwenda baharini. Ami aliukataa. Chini ya ganda lile kuna tope, na ganda linaweza kubeba gari la kwanza likavunjika kwa la pili. Akanionyesha zile alama: zilikwenda, lakini hakuna mahali tulipoona zikirudi. Huenda zilitoka upande wa pili salama. Tukazunguka, tukapoteza saa nzima, na mimi sikuona hasara.

Kwenye lami kulikuwa na kituo cha mafuta na kompresa moja. Kujaza matairi manane kurudi 35 ni kazi ya kuchosha watu waliokwishafika. Mtoto wa ami alitaka tujaze hadi 20 tuondoke, njaa inauma. Ami akakataa, kwa sababu tairi laini likikimbizwa kwenye lami linapata moto na kupasuka. Wakabishana kwa Kiarabu, wakahamia Kiswahili walipofika kwenye maneno makali. Kijana wa kituo, mtu wa Bangladesh, alikuwa ameshashika mpira wa upepo anajaza bila ya kuwasikiliza. Nilimshikia geji. Tulipomaliza ami alichukua usukani wake, akaweka kiti mbele alivyozoea, na kutoka pale hadi Ibra hakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa madereva wa Maskati na jinsi wasivyowasha taa za kupindia.